Nguvu za Mbwa Hazitoki Kwenye Mnyororo

Jioni ya leo nataka tumzungumzie mbwa: yule anayelinda nyumba yako usiku, yule anayefuatana na ng'ombe malishoni, na yule ambaye watoto humwita jina lake kabla hata hawajavua sare za shule. Nataka tuulizane swali moja. Mbwa anajengwaje misuli na nguvu bila kuumizwa?

Nimelichagua swali hili kwa sababu ya yale tunayoyaona mitaani siku hizi. Bila shaka na wewe umeyaona. Kijana anapita jioni na jibwa kubwa, pengine Boerboel au Rottweiler, shingoni kamfunga mnyororo mzito wa kufungia geti, na kwenye mnyororo huo kaning'iniza kufuli. Ukimuuliza, atakwambia anamjenga mwili. Mwingine yuko juu ya pikipiki, mbwa kafungwa kamba nyuma, ulimi umemtoka, anakimbizwa juu ya lami. Mwingine katundika tairi kwenye mwembe, mbwa analing'ata na kuning'inia hewani kwa meno yake. Wote hao wanawapenda mbwa wao, hilo silitilii shaka hata kidogo. Mtu asiyempenda mbwa wake haamki alfajiri kumfanyisha mazoezi. Ila njia wanayoitumia inambomoa yule yule wanayetaka kumjenga.

Haya, tuanzie kwenye shina. Msuli unakuaje?

Mbwa anapofanya kazi iliyozidi kidogo ile aliyoizoea, nyuzi za misuli yake hupata michubuko midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Mwili huanza kuikarabati, na unapoikarabati huziongezea nyuzi zile unene na uimara, ili siku nyingine kazi ileile isiusumbue. Sasa nikuulize: ukarabati huo unafanyika saa ngapi? Unafanyika mbwa akiwa amejilaza. Na vifaa vya ukarabati vinatoka wapi? Kwenye chakula. Kwa hiyo mambo ni matatu, na nitayarudia tena kabla hatujaachana: kazi, chakula na pumziko. Ukitoa kazi bila chakula, mbwa anakonda. Ukitoa kazi bila pumziko, anavunjika.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Misuli ya mbwa huimarika ndani ya wiki chache, na ukiitazama unaiona imeanza kujichora mapajani. Lakini kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, pamoja na gegedu lililoko kwenye viungo, huchukua miezi kuimarika, kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo. Mwenye mbwa anaona misuli imetokeza, anafurahi, anaongeza mzigo. Hapo amefanya sawa na fundi anayeezeka paa zito juu ya kuta ambazo udongo wake haujakauka. Ndiyo maana majeraha mengi hayaji wiki ya kwanza. Yanakuja baadaye, pale mwenye mbwa anapoamini kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Na ule mnyororo shingoni? Mbwa akiwa amesimama tu, miguu yake ya mbele inabeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili, na ya nyuma asilimia 40. Ukimtwika mnyororo shingoni, mzigo wote unaangukia mbele, mahali ambapo tayari pameelemewa. Pingili za shingo zinaumia, koo linabanwa, viwiko vinalika. Lakini nguvu ya kuruka ukuta, ya kuchomoka na kumfukuza mwizi, ya kupanda kilima nyuma ya mbuzi, inatoka wapi? Inatoka nyuma: mapajani, kwenye nyonga na kiunoni. Mnyororo hauyafikii mapaja. Kwa hiyo mwenye mnyororo anamwelemeza mbwa pale asipohitaji na anamwacha mtupu pale anapohitaji.

Sasa tuseme una mbwa wako, tumwite Simba. Una nia njema, na kesho asubuhi unataka kuanza. Ngoja kwanza. Kabla ya hatua ya kwanza, mshike mwili mzima.

Inua mdomo wake utazame fizi. Kama kwa asili si nyeusi, zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi. Zibonyeze kwa kidole, kisha achia: pale ulipobonyeza patakuwa peupe, halafu rangi itarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Je, ukikuta fizi zimepauka? Basi Simba hana damu ya kutosha, na katika nchi zetu hizi sababu zake tunazijua. Kuna minyoo ya safura, inayofyonza damu utumboni. Kuna kupe, ambao mbali na kunyonya damu huambukiza magonjwa yanayoharibu chembe za damu. Na kwa wanaoishi karibu na mapori yenye mbung'o, kuna nagana, ambayo wengi wanadhani ni ya ng'ombe peke yao, kumbe mbwa nao huwapata na huwakondesha hadi misuli ikabaki kamba. Mbwa wa namna hii ukimkimbiza unaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, atibiwe, apewe dawa ya minyoo na kuogeshwa dawa ya kupe, na kama hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka huu, aipate hapohapo.

Ukishamaliza fizi, pitisha viganja ubavuni. Mbavu unatakiwa uzihisi kwa kugusa kidogo tu, bila kuzitafuta. Ukizitafuta ukazikosa, Simba amenenepa, na kazi ya kwanza ni kumpunguza kwa chakula na matembezi mepesi kabla hujafikiria misuli. Wako wanaosema unene kwa mbwa ni afya. Kuna utafiti maarufu wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao uliwafuatilia Labrador 48 tangu wakiwa watoto hadi mwisho wa maisha yao. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Wale wembamba waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuuma. Miaka 2 kwa mbwa ni sehemu kubwa ya umri wake.

Halafu chukua utepe wa fundi cherehani. Pima paja la nyuma la kulia, kisha la kushoto, sehemu ileile, akiwa amesimama sawasawa. Mapaja yamelingana? Vizuri, endelea. Moja limesinyaa kuliko jingine? Basi kuna maumivu. Mbwa anaukwepa mguu unaomuuma, na mguu usiotumika hupungua misuli. Pengine ni goti, pengine ni nyonga. Hapo usimwongezee mazoezi ukidhani unausaidia ule mguu dhaifu. Daktari autazame kwanza.

Bado hatujaanza kutembea, na kuna swali la umri. Simba ana miezi mingapi?

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaonunua watoto wa mbwa wakubwa. Ncha za mifupa ya mbwa mchanga bado ni laini, ni gegedu ambamo mfupa huongezeka urefu. Kwa mbwa wadogo kwa umbo, sehemu hizo hukomaa kabla ya kutimiza mwaka au karibu na hapo. Kwa Rottweiler, Boerboel na wenzao, inaweza kufika miezi 18 na hata kupita. Ukimrukisha, ukimkimbiza masafa marefu au ukimvutisha mizigo kabla ya hapo, unaweza kuziharibu ncha zile, na mguu ukakua umepinda. Haurudi tena. Sasa mbwa mchanga afanye nini? Acheze. Akimbie apendavyo kwenye nyasi au mchanga, ajilaze apendavyo, ajifunze kutembea na kamba, azoee kukaa na kusimama kwa amri. Mbwa mchanga anayecheza na kuacha mwenyewe anapochoka anajipima vizuri kuliko sisi tunavyoweza kumpima. Jibwa la miezi 8 lina umbo la mkubwa lakini mifupa ya mtoto, na watu wengi wanadanganywa na umbo.

Haya, tuseme Simba ana miaka 2 na zaidi kidogo, fizi zake nzuri, mapaja yamelingana. Zoezi la kwanza ni lipi?

Kutembea. Naam, kutembea, na najua kuna msikilizaji amekunja uso. Lakini tazameni wanaoishi kwa nguvu za mbwa. Kule Alaska kuna mashindano ya Iditarod, yanayoanza kila Machi, ambapo mbwa huvuta sleji kwenye theluji kutoka Anchorage hadi Nome, umbali wa takriban kilomita 1,600. Hao ni katika mbwa wenye misuli imara kuliko wote duniani. Wanatayarishwaje? Wenye mbwa huanza miezi mingi kabla, majira ya joto yanapokwisha na hewa inapoanza kupoa, kwa safari fupi za mwendo wa pole, kisha huongeza umbali wiki baada ya wiki. Wanaanza na mwendo kwanza. Mzigo na kasi vinakuja baadaye, na hata hapo mzigo unavutwa kwa mikanda iliyotandazwa kifuani na mgongoni. Shingo haivuti kitu.

Basi na wewe anza na dakika 20 za kutembea, asubuhi na jioni, mwendo wa kukaza kiasi kwamba Simba hapati nafasi ya kunusa kila nguzo. Dakika 5 za mwanzo ziwe za taratibu, ili damu ifike kwenye misuli. Dakika 5 za mwisho ziwe za taratibu tena, na hizo mwachie anuse anavyotaka. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3, basi. Ukifika dakika 45 na Simba anarudi nyumbani akiwa bado anachezesha mkia, umeshajenga msingi. Watu wengi hawafiki hapo kwa sababu wana haraka.

Na saa ngapi? Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na mwambao wote, swali hili ni la kufa na kupona. Mwanadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa jasho lake ni kidogo mno, la nyayoni tu. Joto lake hulitoa kwa kutweta. Hewa ikiwa na joto na unyevu mwingi, kutweta hakumsaidii sana. Joto la kawaida la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 41, ubongo, figo na ini huanza kuharibika, na mbwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo tembea alfajiri, saa 12 asubuhi kabla jua halijapanda, au baada ya magharibi. Na kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa kiganja chako pale chini kwa sekunde 7. Wewe ukishindwa kuvumilia, na nyayo za Simba zitaungua.

Utajuaje kwamba joto limemzidi? Atatweta kwa kelele, mate yatakuwa mazito, fizi zitaiva kuwa nyekundu sana, atayumba, pengine atatapika. Hapo usingoje. Mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, na umwahishe kwa daktari. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, kwa sababu linazuia joto lisitoke. Na siku zote nenda na maji. Waislamu wenzangu mnakikumbuka kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumnywesha mbwa ni amali yenye uzito. Chupa moja na bakuli la plastiki si vigumu kubeba.

Umeshafika dakika 45 za kutembea. Sasa, na ni sasa tu, tunaingia kwenye mazoezi ya nguvu yenyewe. Mawili ya kwanza yanafanyika uani kwako, na hakuna hata moja linalohitaji kununua kitu.

La kwanza, kaa na simama. Mwamuru Simba akae, kisha asimame, pole pole, mara 5. Apumzike kidogo, halafu mara 5 tena. Lionavyo jicho ni jambo jepesi, lakini jaribu wewe mwenyewe kuchuchumaa na kuinuka taratibu, utaisikia kazi iliyoko mapajani. Akae sawasawa, magoti yote mawili yamekunjika vizuri. Akiwa anautupa mguu mmoja pembeni kila anapokaa, simamisha zoezi. Mguu huo una neno la kusema. Na msifanyie kwenye vigae, vinateleza. Tandika mkeka au nendeni kwenye udongo.

La pili, fimbo. Laza chini fimbo 5 au mianzi, ukiacha kati ya moja na nyingine nafasi inayolingana na kimo cha Simba kutoka ardhini hadi begani. Mpitishe juu yake akitembea, usimkimbize. Siku za kwanza atazigonga. Baadaye ataanza kuinua kila mguu kwa hesabu, na hapo kiuno, tumbo na nyonga vyote vinafanya kazi. Akishazoea, ziinue juu ya matofali, lakini zisipite kile kifundo cha chini cha mguu wake wa mbele. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamfundisha mbwa kujua miguu yake ya nyuma iko wapi. Wengi hawajui! Mguu wa mbele wanauona, wa nyuma wanauburuta tu.

La tatu, kilima. Ninyi wa Lushoto, wa Moshi, wa Njombe, wa Iringa, Mungu amewapa uwanja wa mazoezi mlangoni. Kupanda mlima kwa kutembea kunahamishia uzito miguu ya nyuma, pale tunapopataka. Kupanda kwenu kuwe kwa mwendo wa kawaida, na kushuka kuwe taratibu zaidi, tena kwa kukata kona, maana kwenye mteremko uzito wote unarudi mabegani. Sisi wa pwani tuna mchanga. Anzeni kwenye mchanga ulioshikana karibu na maji, dakika 10 tu, kabla ya kwenda kwenye mchanga mkavu unaozamisha miguu. Chukueni maji baridi ya kunywa ili asiyanywe ya chumvi, na mkirudi msuuzeni. Kuogelea nako ni kuzuri sana, kwa sababu maji yanambeba na viungo havigongwi, lakini mwenye kuishi kando ya Ziwa Victoria au mtoni anajua vizuri kuliko mimi habari za mamba.

Je, kuvuta mzigo? Kwa mbwa mzima aliyekomaa, baada ya miezi kadhaa ya hayo niliyoyataja, inawezekana. Tumia mkanda mpana wa kifuani uliotandikwa kitambaa laini, mzigo uwe mwepesi kama tawi la kuburuta kwenye majani, na mwendo uwe wa kutembea. Kama Simba anainamisha kichwa na kukwaruza ardhi kwa kucha, umezidisha. Na lile tairi la mwembeni literemsheni. Uzito wote wa mwili ukining'inia kwenye taya na shingo, kisha mbwa akaachia na kutua vibaya, yanavunjika meno na zinateguka pingili za mgongo. Mashindano ya kuvuta kamba na tairi yafanyieni chini, miguu yake minne yote ikiwa ardhini.

Sasa nirudie, kama nilivyoahidi. Kazi, chakula na pumziko. Kazi tumeimaliza. Pumziko ni hivi: mazoezi ya nguvu yawe siku 3 kwa wiki, zisizofuatana. Tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tembeeni kwa starehe, na siku moja msifanye kitu. Katikati ya zoezi, mtazame. Ulimi umetanuka kwenye ncha na kujikunja? Anabaki nyuma wakati kawaida hutangulia? Kucha za nyuma zinakwaruza? Amejikalia mwenyewe? Acheni hapo hapo, hata kama mmefanya nusu. Mbwa akimpenda bwana wake atakimbia akiwa anaumia, atakimbia hata afe, kwa sababu umesema twende. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwa mkazo: kipimo hakiko kwake, kiko kwako. Kesho yake asubuhi akiamka amekakamaa, umezidisha jana. Na akikojoa mkojo wa kahawia iliyokolea baada ya mbio kali, hiyo ni hatari kubwa. Misuli imeharibika na figo zinaelemewa. Daktari, haraka.

Twende kwenye chakula, nisiwachoshe. Ugali mtupu haujengi msuli. Ugali unampa mbwa nguvu za kwenda, lakini msuli unahitaji chakula cha kujenga mwili: dagaa, mayai yaliyochemshwa, mapafu, utumbo, maini kidogo, vichwa vya samaki vilivyochemshwa hadi miiba ikalainika kabisa. Vya machinjioni vipikeni, tafadhali. Maini na mapafu mabichi ndiyo njia ambayo mbwa hupata mnyoo wa uvimbe wa majimaji, na kutoka kwa mbwa unaingia kwa binadamu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo umewatesa watu kwa miaka mingi. Msitie vitunguu, wala vitunguu saumu, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, humeguka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Na kwa mbwa mchanga, nyama na ugali bila chanzo cha madini ya chokaa huacha mifupa ikawa dhaifu, basi mwombeni daktari ushauri.

Na asile akaingia mazoezini. Mbwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd au Boerboel, akijaza tumbo kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Utaona limevimba, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Hapo saa ni chache. Mpe chakula saa moja au zaidi baada ya zoezi, akiwa ameacha kutweta, na ukigawe mara mbili kwa siku.

Kuhusu sindano na unga wa kukuza misuli unaouzwa kwa siri, neno langu ni fupi. Dawa za homoni huumiza ini na moyo, zinavuruga uzazi, na zinampa mbwa misuli ambayo kano zake haziwezi kuishika. Usimpe.

Lakini kuna mbwa mmoja ambaye moyo wangu uko kwake zaidi, na sitaki muda utuishie kabla sijamtaja. Ni yule anayefungwa tangu asubuhi hadi jioni, kibandani au kwenye mnyororo wa hatua tatu, halafu saa 3 usiku anafunguliwa akalinde. Siku nzima misuli imelala. Usiku, paka anapita ukutani, au mtu anatikisa geti, na mbwa anachomoka kwa kasi yake yote, anakata kona kwenye saruji. Mwili ambao haujapashwa moto, mapaja yaliyosinyaa, goti linapinda. Kano ya ndani ya goti inakatika, na kuanzia hapo mlinzi wako anachechemea. Halafu tunasema mbwa huyu amekuwa mvivu! Ndugu yangu, mbwa huyo mtembeze dakika 20 jioni kabla hujamfungua kazini. Ndivyo wafanyavyo wenye mbwa wa kazi wa kweli. Wale wanaofunzwa Usa River, kule Arusha, ili kunusa meno ya tembo na pembe za faru bandarini na kwenye viwanja vya ndege, mazoezi ya mwili ni sehemu ya kazi yao, kwa sababu pua hainusi vizuri mbwa akiwa anatweta hovyo kwa uchovu. Mlinzi wa nyumba yako naye ni mbwa wa kazi. Mrefushie mnyororo, au bora zaidi mwondolee, mjengee uzio wa kuzungukia, na hata wiki mbili hazitapita kabla hujauona mwendo wake umebadilika.

Najua mtaniuliza: na mbwa mzee je? Ana miaka 10, anaamka kwa shida, naye tumtembeze? Ndiyo, tena yeye anahitaji zaidi, maana misuli ndiyo inayobeba viungo vilivyochoka. Mgawieni matembezi mafupi: dakika 10 mara tatu kwa siku ni bora kuliko nusu saa ya mkupuo. Kaa na simama mara 3 tu, kwenye mkeka. Fimbo zilazwe chini kabisa. Kucha zake zikatwe, kwa sababu kucha ndefu humpindisha vidole na kumharibia mkanyago. Na akikataa siku fulani, msimvute.

Kila mwezi chukueni ule utepe wa fundi cherehani, mpime mapaja, mwandike kwenye daftari la mtoto wa shule. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza na wafugaji wa mbuzi wa maziwa.